Papa Damien Kanyamibwa na Sahani ya Ngabo

Ndugu na jamaa, mapadri wetu, majirani wa Lushebere, na ninyi mliopanda kutoka Masisi-Centre na matope haya, asanteni kwa kufika. Wanaonijua wanajua mimi ni Adelaïde, mdogo wake marehemu. Watu walitaka asome mwanaume. Nikawauliza, mwanaume yupi? Wa nyumba hii mmoja yuko ndani ya sanduku, na mwingine hatujui yuko wapi. Wakanipa karatasi. Basi nitawasomea maisha ya kaka yangu Damien Kanyamibwa, mkulima wa maharagi, mume wa Françoise, na baba aliyekufa bila kujua kama mwana wake Ngabo ni mzima au ni marehemu.

Papa Damien alizaliwa tarehe 14 Septemba 1957 huko Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, mtoto wa kwanza wa Papa Marcellin na Mama Uwamariya. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Masisi na shamba la mihogo upande wa Walikale, na mama alizoea kusema kwamba tunalala katika himaya ya mwami mmoja, tunakula kwa mwingine. Alituzaa sita, tukapona wawili. Babu yetu alikuwa na kibanda kidogo nyuma ya nyumba, cha kimo cha mbuzi, alimowawekea wazee waliokufa bia ya mtama na maharagi. Papa alipobatizwa alikibomoa kile kibanda kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo babu alikula akiwa ametupa mgongo. Damien alikuwa mtoto wa miaka saba hivi, na jambo lile lilimkaa moyoni. Hata uzeeni aliniuliza: "Ade, wale wazee wa kibanda walienda kula wapi?" Mimi nilimjibu aniache nisonge bugali.

Marehemu alisoma école primaire, shule ya msingi, Kalembe tangu 1964 hadi 1970, kisha miaka miwili ya secondaire Masisi-Centre. Mama alimfungia viazi vya kula mchana, na yeye alivimaliza kabla hajafika mtoni. Mwalimu alipomuuliza chakula kiko wapi, akajibu: "Mwalimu, tumbo njo kartabo isiyopasuka." Alichapwa, darasa zima likacheka, na jina la Kartabo, yaani mkoba wa daftari, likamfuata mpaka ndevu zikaota. Mwaka 1972 mti ulimwangukia papa mguuni, na Damien akarudi nyumbani kushika jembe. Hakulalamika. Ila daftari zake alizihifadhi juu ya dari mpaka panya walipozimaliza.

Kwa kazi, marehemu alikuwa mkulima. Alilima mihogo na viazi, lakini maharagi ndiyo yalikuwa maisha yake, yale yanayopanda juu ya miti. Alichanganya mbegu nyekundu, nyeupe, nyeusi na zenye madoa katika shimo moja, akisema mvua ikikataa hii itakubali ile. Kabla ya msimu watu wa Kalembe walikuja kwake kubadilishana mbegu, na hakuna aliyetoka bila kukalishwa na kulishwa. Alikuwa mtu wa kulisha watu. Alikuwa mbishi pia, tusidanganyane mbele ya sanduku. Ukimwambia mvua itanyesha kesho, yeye anaanika mihogo. Na kuimba hakujua hata kidogo. Katika shirika letu la kanisani walimwomba asome masomo ya misa badala ya kuimba, naye akasoma vizuri miaka mingi.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa kanisani na Françoise Umwali. Mama huyu alikuwa mrefu kuliko yeye, na siku ya arusi kaka alikataa kupiga picha wakiwa wamesimama. Wakapigwa wakiwa wameketi. Françoise hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "wewe", na ukisikia "wewe!" ile ikitoka jikoni ulijua nyumba ni nzima. Mungu aliwapa watoto wawili, Nishimwe mwaka 1987 na Ngabo mwaka 1991.

Oktoba 2012 vita vilifika Kalembe, wakakimbia kwa miguu. Françoise alikuwa na homa ya mapafu tayari. Alikufa njiani, na watu wasiotufahamu, Mungu awabariki, walitoa jembe na mahali pa kumzika pembeni ya migomba yao. Kesho yake risasi ziliwafukuza wote. Baadaye kaka alirudi kutafuta pale mahali, akakuta migomba imekatwa na njia imehamia upande mwingine, na hakuna mwenyeji wa kumuuliza. Nishimwe naye alikufa hapa katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere, Desemba ya mwaka uleule, kwa kuhara, akazikwa na wakimbizi wengine. Misalaba yao ilichukuliwa ikawa kuni. Simlaumu mtu, baridi ya hapa tunaijua sote.

Kabla ya hapo, tarehe 2 Novemba ya mwaka ule, siku ya Kanisa ya kuwakumbuka marehemu, wakati watu wa Masisi-Centre walipokuwa wakipalilia makaburi ya wazee wao, kaka yangu alisimama pembeni, jembe begani, hana kaburi la kupalilia. Mimi nilimwona. Kuna upweke wa kukosa watu, na kuna huu wa kukosa hata mahali pa kuwalilia. Huu wa pili ndio uliomkondesha.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisema kichinichini, na leo nitalisema kwa sauti.

Mwanzoni mwa 2013 marehemu alipata kazi ya kukata majani na kuosha masufuria katika kambi ya wanajeshi wa kofia za buluu, Wahindi. Tarehe 31 Januari, mchana, aliingia jikoni mwao akakuta chini ya nguzo ya chuma jani la mgomba limetandikwa, na juu yake wali, samaki, yai la kuchemsha na kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Alifikiri mpishi amewawekea paka chakula. Na paka, kwa njaa aliyokuwa nayo kaka yangu, hawezi kula yai zima mbele yake. Akalila. Ndipo mpishi akaingia, amevua viatu, mwanajeshi mmoja jina lake Chetia. Alijua Kiswahili cha kununulia kuku sokoni tu.

"Hii chakula iko ya papa yangu," Chetia akamwambia.

"Papa yako iko wapi, nimuombe pole?"

"Alikufa."

Kaka alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifikiri atafukuzwa kazi, ao atapigwa, ao huyo papa wa Kihindi atamfuata usingizini. Lakini Chetia alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la mchele. "Papa yangu alipenda wageni," akasema. "Kaa. Maliza na samaki." Wakaketi chini wote wawili, wakamaliza.

Kwa macho yetu sisi, Wahindi wote ni wamoja. Huyu, kwa Kiswahili chake cha kuku na kwa mikono, alimweleza kaka kwamba watu wake wanaitwa Tai-Ahom, wa nchi ya Assam, kwenye milima na mvua na mchele, na kwamba babu zao waliivuka milima zamani sana kufika huko, wakawabeba wafu wao rohoni. Kila tarehe 31 Januari kabila zima wanakusanyika kuwapa heshima waliotangulia, watu wamevaa nguo nyeupe, na sikukuu hiyo wanaiita Me-Dam-Me-Phi. Nyumbani napo wana nguzo ya jikoni. Wafu wa nyumba wanakaa pale, karibu na moto na vyungu, wakiwalinda watoto wao, na chakula chao kinawekwa chini ya nguzo. Katika kambi ile Chetia alikuwa Mu-Ahom peke yake. Wenzake walikuwa na sikukuu nyingine, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini amevua viatu. Nguzo ya nyumba yao ilikuwa mbali kuvuka bahari, akajitafutia ile ya chuma.

Jioni ileile kaka alikuja kwangu Masisi-Centre akiwa anatembea haraka, na tangu Oktoba sikuwa nimemwona akitembea haraka. Aliketi, akanishika mkono.

"Ade, kumbe wafu hawakae ku kaburi. Banakaaka jikoni, pale fasi banakulaka!"

"Nani alikuambia?"

"Muhindi moja."

Nilimwambia alale, pengine ni malaria. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 31 Januari 2014, katika kibanda chake cha miti na turubai, alitandika jani la mgomba chini ya mti ule unaoshikilia paa upande wa moto. Mchele hakuwa nao, akaweka bugali. Akaweka maharagi ya kila rangi, samaki wadogo wa sambaza, yai, na kasiksi. Akavua viatu. Akawaita: Marcellin. Uwamariya. Babu. Nishimwe. Na Françoise, ambaye alimwita kwa sauti ileile aliyozoea kumjibu: "Wewe, njoo ule." Kisha akatandika mkeka upande wa pili wa moto, kwa wazima, akaketi na Ngabo wakala. Tangu mwaka ule hakuruka hata mwaka mmoja. Chetia alikuwa ameshaondoka na wenzake, na habari zake hatukuzipata tena.

Hapa kambini Lushebere walimcheka. Walimwita Muhindi wa Kalembe. Papa Albert, mkubwa wa shirika letu, ambaye namwona pale amesimama na mwavuli, alimwendea siku moja kwa heshima zote.

"Papa Damien, batu wanasema unaabudu muti."

"Mimi siabudu muti, Papa Albert. Ninakula na bibi yangu."

Basi walimnyima kusoma masomo mwaka mzima. Kaka alikwenda misa kila Jumapili, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, akarudi peke yake. Padri alipokuja kumuuliza, alijibu kwamba tarehe 2 Novemba ni ya Kanisa na 31 Januari ni ya jikoni, na kwamba Mungu mmoja anasikia pande zote mbili. Padri akaomba maji ya kunywa. Jumapili iliyofuata marehemu alisoma tena. Papa Albert, usiangalie chini, hakukuwekea kinyongo. Alisema wewe ulikuja mlangoni kwake kumwambia, wengine waliishia kumsengenya kisimani.

Ngabo alikwenda Rubaya mwaka 2014 kubeba magunia ya madini ya koltani, kwa sababu kambini kijana hana la kufanya ila kukua. Kila Januari alipanda kuja kula na papa wake. Mara ya mwisho ilikuwa Januari 2019. Mwezi wa tano mwaka huo kilima kimoja kilianguka juu ya wachimbaji, na tangu siku hiyo tuna habari mbili. Wengine wanasema Ngabo alikuwa chini ya kile kilima, walimwona akiingia na kamba begani. Wengine wanaapa kwamba alikuwa ameondoka kabla, ameelekea Walikale kutafuta kazi upande huo, na kwamba mtu alimwona huko amefuga ndevu. Kaka alikwenda Rubaya. Alikwenda Walikale. Alimuuliza kila mwenye ndevu. Alirudi na viatu vilivyokwisha, na hana jibu.

Basi ilipofika 31 Januari 2020, swali lilimkuta jikoni. Kama Ngabo amekufa na papa wake hamwiti chini ya mti pamoja na mama yake na dada yake, mtoto huyo anakaa na njaa, amesimama nje, anasikia wenzake wakiitwa. Na kama ni mzima na papa wake anamwita kati ya wafu, basi amemzika kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna padri wala Muhindi aliyeweza kumtolea jibu. Kaka akaweka sahani ya Ngabo kwenye mkeka, upande wa wazima, akaketi mbele yake. Mama Noëlla, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyempikia na kumfulia miaka hii yote, naye anasimulia kwamba sahani ilikaa pale mpaka giza.

"Papa Damien, ile chakula imekuwa baridi. Nikupashie?"

"Wacha, mama. Akikuja atakuta baridi, lakini atakuta."

Mwaka baada ya mwaka ndivyo ilivyokuwa. Mkeka mpana, mzee mmoja, sahani mbili. Mimi nilikuja nilipoweza, na niwaambie ukweli, ilikuwa vigumu kukaa pale. Usingejua uzungumze na nani. Jamaa walimsukuma. Jean-de-Dieu, mtoto wa baba mdogo, ambaye leo amelibeba sanduku hili mbele, alimwambia mara nyingi: "Papa, muite na wengine, apumuzike. Unamuhangaisha mutoto." Hakuwa na ubaya, alimwonea huruma. Kaka alimsikiliza, akamshukuru, akarudisha sahani palepale.

Ugonjwa wake ulianza Agosti 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari alituambia ni moyo umechoka. Nilitaka kumhamishia kwangu Masisi-Centre. Alikataa. Alisema Ngabo anakijua kibanda cha Lushebere, nyumba yangu mpya haijui. Ubishi wake ule, nilioulaani maisha yangu yote, safari hii niliuacha ushinde.

Tarehe 31 Januari mwaka huu nilipika mimi. Noëlla alileta yai. Kaka hakuweza kusimama, tukamketisha kati ya mti na mkeka, akawaita wafu wake mmoja mmoja kwa pumzi ile fupi, akapumzika katikati ya majina. Nikamwuliza sahani ya Ngabo niiweke wapi. Alininyooshea mikono. Nikampa. Hakuiweka chini ya mti, hakuiweka mkekani. Aliipakata magotini, ameishika kwa mikono yote miwili, na mimi na Noëlla tuliweka chini sahani zetu. Ilipopoa kabisa alinirudishia, akasema anaomba kulala.

Alikufa Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa saba mchana, katika kibanda chake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Padri alikuwa amempaka mafuta asubuhi. Alikuwa na akili zake zote. Aliniita karibu, na haya ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, nayaleta kama alivyoyasema:

"Ade, sasa mimi njo nitajua. Nikifika kule nikamukosa, basi mutoto iko muzima. Ila nani atarudi kuwaambia ninyi?"

Nikamfunika miguu ile iliyovimba.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wetu, na ndugu wanne waliokufa wadogo, na mke wake Françoise Umwali, na binti yake Nishimwe.

Hapa ndipo tulipogombana juzi na jana, na mliosikia kelele nyumbani kwangu msamehe. Jean-de-Dieu alikuwa anaelekea kuchapisha karatasi hii, akataka Ngabo aandikwe kati ya waliotangulia, ili mambo yaishe. Mwingine akasema tumwache kabisa, tusimtaje, ili tusikosee. Nikawaambia kutomtaja ndiyo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu aliyekufa ana mahali na aliye hai ana mahali, lakini asiyetajwa hana hata mlango wa kusimama. Mimi si nabii. Sijui chini ya kile kilima kuna nani, na sijui yule mwenye ndevu wa Walikale ni nani. Ninachojua ni mahali ambapo baba yake aliiweka sahani yake miaka yote alipokuwa na nguvu za kuiweka.

Kwa hiyo, ninyi mliopo, sikieni.

Marehemu Damien Kanyamibwa ameacha mwana mmoja, Ngabo. Ameacha dada mmoja, mimi. Ameacha Jean-de-Dieu na watoto wa baba wadogo, na Mama Noëlla, ambaye hakuwa wa damu na alifanya yaliyotushinda sisi wa damu.

Ngabo, mwanangu, kama utayasikia haya kwa mtu yeyote wa Rubaya, wa Walikale, wa popote: papa wako anazikwa Lushebere leo, Alhamisi tarehe 14 Machi, upande wa juu, na msalaba wake ni wa chuma, hauwaki moto. Tarehe 31 Januari nitapika mimi, kwangu Masisi-Centre. Yeye nitamwita chini ya mti wa jikoni. Wewe nitakuwekea mkekani.

Nawe kaka yangu, mbishi wangu, lala. Umefika kwa Françoise, umefika kwa Nishimwe, kaeni mle pamoja. Mtafute na Ngabo huko, mtafute vizuri, pande zote. Tunakuombea umkose.